Sungura wa Kidawa

"Ati Kidawa kamlisha sungura akili za bibi yake, ndiyo maana bibi kasahau hata mlango wa choo." Kayasema hayo Yassin, tena kwenye msiba wa ukoo wetu, mbele za watu, na jana kayarudia kijiweni huku anatafuna kashata yangu. Kijiwe chenyewe unakijua, benchi la Abilahi muuza kahawa, hapa stendi ya Kiranjeranje. Wanaume wanabishana, mimi nakaa pembeni na sinia langu. Wananiita Mahakama, kwa kuwa ugomvi wote wa ukoo wetu ninao kichwani. Kusoma sikusoma, lakini kusahau sisahau.

Anayesahau ni mdogo wangu, Saida. Huyo Kidawa ni mjukuu wake, anafanya kazi maabara huko Dar. Idi iliyopita alikaa benchi hilo hilo akatueleza taratibu. Kasema kwenye ubongo mna protini moja, kazi yake kuwasha nyingine, kama mtu anayepita na kiberiti nyumba hadi nyumba. Kwa macho huioni. Basi wanamchoma sungura sindano yenye kipande cha hiyo protini, damu yake inatengeneza kingamwili, na hicho kingamwili kinaishika protini hiyo tu, nyingine hakiigusi. Wanakitia kwenye ubongo wa panya uliokatwa mwembamba kama ganda la kitunguu, wanaona iko wapi, imezidi au imepungua. Nikamwuliza, kinatibu? Kasema, hapana bibi, kinaonyesha tu. Nikampenda zaidi, hakunidanganya.

Sasa Yassin ni mtani wetu sisi Wamachinga, yeye Mmatumbi wa Kipatimu. Msibani mtani ana ruhusa, hata akilalia jeneza hakuna wa kununa. Tulicheka sote. Lakini Musa, mtoto wa Saida, yuko Lindi, msibani hakuwepo. Maneno yakampata kwa simu, kicheko kikabaki huku. Kang'aka: Kidawa asikanyage nyumba yangu, asimsogelee mama yangu. Na nyumba anayokaa Saida hapa kijijini ni ya Musa kweli. Ila Saida anasahau watu wote, hata mimi dada yake ananiita jirani. Akiingia Kidawa anamtaja jina. Huyo mmoja tu kabaki naye, na huyo ndiye wanayetaka kumfungia mlango. Likizo ya Kidawa inaanza Ijumaa.

Nikawauliza wazee wa benchi, nani atamwambia Musa kwamba ule ulikuwa utani? Wakazidi kuharibu. Stephano, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, kasema sungura wa maabara hawazeeki, wamejaa akili za watu. Abilahi kaongeza kwamba akili zinapimwa kwa mizani, na za Wamachinga ndizo nzito, zinatafutwa hadi nje. Redio akasema ndiyo maana watoto wetu wanafeli darasa la saba.

— Haraka haraka haina baraka, akamalizia. Ndiyo maana wamechukua sungura, hawakuchukua kobe.

Hakuna aliyemwuliza maana yake. Mimi nikamgeukia mtani.

— Yassin, mpigie Musa, mwambie ulitania.
— Bi Mahakama, mtani haombi radhi. Siku nikiomba radhi utani umekufa.
— Basi bora afe Saida?
— Akifa nitakuja kuchimba kaburi. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Wakacheka. Mimi sikucheka.

Kulikuwa na mama mmoja, Joyce, kateremka kwenye basi la Lindi lililopata pancha, yuko hapo na kikombe chake anasikiliza.

— Samahani wazee, akasema. Huyo bibi alianza kusahau kabla binti hajaenda maabara, au baada?

Abilahi akamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa. Redio akawa anatazama tairi. Na wote wanajua. Saida kaanza kupotea Kidawa yuko kidato cha pili. Mtoto na sare yake anapita nyumba hadi nyumba kumtafuta bibi yake, na siku moja kamkuta hapo hapo benchini, anamsubiri mume aliyekwisha kufa, Abilahi mwenyewe kampa kahawa.

— Kabla, nikasema mimi.
— Sasa sungura kaingiaje? akauliza Joyce.

Tairi likafungwa, basi lake likaondoka. Ndipo Yassin akajikohoza, akasema utani ni utani. Nikamwambia, na nyumba ni nyumba, yangu haina Musa.

Leo asubuhi nimemchukua Saida na mkeka wake na nguo zake zote. Wewe si unakwenda Lindi? Pita kwake Rasbura, mwambie Musa hivi: mama yako yuko kwa mama yako mkubwa, kala uji. Kidawa anashuka Ijumaa. Anayetaka kumzuia, na aje, atanikuta mimi mlangoni. Mwambie kama nilivyosema, neno usipunguze.