Aliyepumzishwa Kupuliza Besi: Maisha ya Mzee Andongwisye Mwaijande, 1941–1999

Ikumbukwe kwamba Jumapili ya tarehe 5 Juni 1994, baada ya matoleo, baraza la wazee la ushirika huu liliwatangazia washirika wote kuwa ndugu Andongwisye Mwaijande, kwa sababu za kiafya, amepumzishwa kupuliza tarumbeta kwa maisha yake yote yaliyobaki, na kwamba uamuzi huo ni wa mwisho. Familia inaanza na tangazo hilo kwa kuwa ndilo jambo pekee kuhusu marehemu lililowahi kutangazwa rasmi.

Marehemu alizaliwa Masoko tarehe 12 Mei 1941, mtoto wa nne wa mzee Ambilikile Mwaijande, mkulima wa kahawa na migomba. Shangazi zake wanasema kilio chake cha kwanza kilisikika ng'ambo ya bonde. Husema hivyo kuhusu kila mtoto wa ukoo huu, ila kwa huyu walikuwa wanasisitiza.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1950 hadi 1957, akamaliza darasa la nane. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Alichoondoka nacho ni tarumbeta. Mwalimu wa bendi alimkuta nyuma ya choo akipuliza bua la mpapai wakati wenzake wako kwenye hesabu. Akamchapa, kisha akampa besi, lile tarumbeta kubwa ambalo hakuna mwanafunzi aliyekuwa na mapafu ya kulijaza.

Mwaka 1961 aliajiriwa kiwanda cha chai, kitengo cha boila, na huko alikaa miaka thelathini na mitatu. Tarehe 18 Septemba 1965 alifunga ndoa na Tupokigwe, binti wa kutoka kijiji cha Suma. Kwa kuwa bendi haikuwa na mpiga besi mwingine, bi harusi alisubiri mlangoni mpaka bwana harusi amalize kupuliza wimbo wa kumwingiza bi harusi.

Mwishoni mwa mwaka 1993 marehemu alianza kuumwa gego la juu, upande wa kulia, pamoja na mafua ya tundu moja la pua. Wakati huo kliniki za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa, na Tukuyu ilipata moja yenye mashine ya eksirei iliyokuwa imeshafanya kazi katika nchi mbili. Tabibu wa meno, Bwana Abdulkarimu, alimwonyesha picha. Juu ya magego, ndani ya mfupa wa shavu, kuna uwazi wenye hewa ambao wataalamu wanauita sainasi. Na pale kwenye picha mizizi ya gego ilionekana imening'inia humo kama miguu ya mtoto aliyekaa kwenye jiwe akaiingiza ziwani. Tabibu akamweleza kwa upole kwamba jino hilo likitoka na kuacha tundu, pumzi itakuwa inavujia puani, na besi atakuwa anaitazama tu. Lakini likibaki, usaha utaendelea kupanda.

Marehemu aliomba muda wa kufikiri. Alifikiri mpaka Aprili, shavu likiwa limevimba.

Hatimaye mkewe alimpeleka Mbeya kwa Daktari Naima, ambaye alipiga picha ya pili akiwa ameigeuza mashine pembe nyingine. Mizizi miwili ikaonekana imehama, iko nje kabisa. "Mzee, picha haina mbele wala nyuma," alimwambia. "Kilicho pembeni na kilicho ndani vinakaa mahali pamoja." Mzizi wa tatu tu, unaoelekea kwenye kaakaa, ndio uliousogelea ule uwazi kweli, na kati ya viwili hivyo kulikuwa na mfupa mwembamba kama ganda la kitunguu. Daktari alilikata jino vipande vitatu, akautoa kila mzizi peke yake. Ganda likabaki salama, kwa jinsi alivyoona.

Ili kuhakikisha, akamwambia azibe pua kwa vidole, aache mdomo wazi, apulize kupitia pua taratibu. Marehemu hakuwa amepuliza kitu chochote taratibu tangu akiwa shule. Povu la damu likatokea pale jino lilipokuwa.

"Nilisema taratibu, mzee."

"Hiyo ndiyo taratibu yangu, daktari."

Familia haijawahi kukubaliana kama tundu lile lilitobolewa na jino au na marehemu mwenyewe. Daktari alilishona, akamkataza kupenga kamasi, kupiga chafya akiwa amefumba mdomo, na zaidi ya yote kushika tarumbeta. Habari ilipofika Masoko, tundu lilikuwa limeshafika kwenye ubongo. Ndipo likatoka tangazo tulilolitaja. Mwezi huohuo kiwanda kilipata mwekezaji, naye mwekezaji akagundua kuwa ana wafanyakazi wengi mno. Kwa hiyo mwaka huo marehemu alipumzishwa mara mbili.

Hakulalamika. Kila Jumapili alikaa kwenye benchi la bendi mikono ikiwa mitupu, na besi ilipotakiwa kuingia, mashavu yake yalijaa.

Agosti Daktari Naima alirudia kipimo, safari hii akiwa amemshika bega. Povu halikutokea, na maji aliyokunywa hayakutokea puani. Akamruhusu aanze kidogo kidogo. Baraza halikuuliza, naye hakutaka kubishana na uamuzi wa mwisho. Wazee walikuwa wamempa kazi ya kumfundisha bintiye Sekela besi, basi jioni baba na binti wakawa wanakwenda migombani na besi.

Siku moja mama yake Sekela alitoka jikoni akauliza ni nani anayepuliza. Sekela akajibu ni yeye.

"Mwanangu," akasema, "nimelala jirani na pumzi hiyo karibu miaka thelathini. Nitakosa kuijua?"

Akarudi jikoni, na hakumwambia mtu.

Tangu mwaka 1997 marehemu alisumbuliwa na shinikizo la damu. Alipata kiharusi tarehe 30 Oktoba, na Jumanne ya tarehe 2 Novemba 1999, saa kumi na moja alfajiri, akafariki nyumbani kwake akiwa na miaka hamsini na minane. Kovu la pale jino lilipokuwa halikuwa na mchango wowote.

Ameacha mjane, Tupokigwe; watoto wanne, Sekela, Meshaki, Alinanuswe na Tulia; wajukuu tisa; na mdogo wake, Ambindwile. Besi mnayoisikia leo anapuliza Sekela. Familia inawashukuru nyote: ndaga fijo.

Tangazo la tarehe 5 Juni 1994 halijafutwa, na leo tunamwombea marehemu apumzike, kwa amani. Alipopumzishwa mara ya kwanza, Pasaka iliyofuata ilimkuta hapa hapa makaburini, bendi ikipuliza nyimbo za ufufuo alfajiri, besi ikiwa begani mwake.