Sigara Iliyowashwa Kupitia Ukuta

Kijiwe chetu kiko Katuba, kwenye kona ya njia iendayo sokoni: benchi moja ya mbao, Mama Cathy na birika lake la kahawa, na mimi pembeni nikishona viatu. Uongo wote wa asubuhi hupita masikioni mwangu kabla haujapanda basi kwenda mjini. Mwenye benchi ni Ministre, ambaye hajawahi kuwa waziri wa kitu chochote; alikuwa karani wa reli, akastaafu, akabaki na tai. Wa kumbishia ni Mardochée, tunayemwita Diplôme. Watu wake walitoka Kasai zamani, naye alifundisha kemia miaka thelathini na bado hajapona. Asubuhi hiyo alikuja Kangwa, fundi wa umeme, jina lake la benchini Kilowatt, akicheka peke yake.

— Bazee, Kilowatt akasema, jana niliwasha sigara na moto ya muntu mwenye alikuwa upande ya pili ya ukuta.

— Mu dirisha, akasema Diplôme.

— Apana. Mu tundu ya prizi ya umeme.

Tulimpisha akae katikati. Habari kama hiyo hailiwi kwa kusimama.

Kilowatt alikuwa anatia umeme kwenye maternité mpya, nyumba ya kuzalia, nyuma ya kanisa. Kuna ukuta mmoja pale: huku chumba cha groupe, yaani jenereta na mafuta yake, kule vitanda vya akina mama. Prizi zilitakiwa pande zote mbili.

— Nikajiuliza, juu ya nini nitoboe matundu munane? Nikapiga ine tu, kutoka huku mpaka kule. Buati moja ya kushika prizi huku, ingine kule, mugongo kwa mugongo. Waya inakuwa mufupi, na mukono haichoke. Jana mekanisye eko kule anavuta, miye huku sina kiberiti. Nikamuita mu tundu, akanipatia moto.

Ministre alicheka mpaka tai ikaingia kahawani. Hata mimi nilijichoma sindano. Mama Cathy peke yake ndiye aliyeuliza:

— Sasa ingénieur mwenye kusimamia kazi alisemaka nini?

Kilowatt akakuna shingo.

— Alisemaka ile ukuta njo coupe-feu. Inapaswa kuzuia moto masaa mbili. Buati zikae mbalimbali, tundu isipite mpaka kule, na kandokando ya kila buati nipake ile mastic yake ya kupinga moto. Eko anakuja leo asubui, à dix heures.

— Na mastic iko wapi? Mama Cathy akauliza.

Kilowatt akamtazama Ministre. Ministre akatazama birika.

— Paa ya Ministre ilikuwa inavuja, Kilowatt akasema taratibu.

— Ilikuwa, Ministre akakubali. Leo hata mvua ikishuka na moto ndani, paa yangu haiungue. Na nusu ndoo nachunga, ya kumalizia upande ingine mbele ya musimu ya mvua.

Basi shauri likawa hili. Kilowatt angeweza kubandika vifuniko vya prizi kabla ya ingénieur kufika, ukuta ukaonekana safi, na yeye akapewa jengo la pili kama alivyoahidiwa. Au angebomoa, aonekane amekosa, na labda afukuzwe.

— Munishauri, akasema. Nifunike ao nibomoe?

Kutuomba sisi ushauri ni sawa na kumpa mbuzi bustani ailinde, lakini alikuwa ameshauliza.

— Funika, Ministre akasema. Moto iko kintu kikubwa. Itaangaliaka tundu kadogo vile? Itaenda ku mulango, sawa bantu bote.

— Kisayansi, Diplôme akadakia, courant na moto ni bandugu. Moto ikikuta buati ya umeme, inasalimia tu, inapita.

— Inapita inaenda wapi? nikauliza.

— Ku bamama, akajibu, kisha akajikohoza.

— Sasa hii masaa mbili, Ministre akasema, nani aliikaaka na moto, na montre ku mukono? Na juu ya nini mbili? Miye najua. Saa ya kwanza moto inatafuta njia, saa ya pili inachoka.

— Haichoke, inashiba, akasema Diplôme. Inakula oxygène ya chumba kizima, inalala.

— Ao ni masaa ya chakula ya ba ingénieur, Ministre akasema. Banaenda kula, banarudia, banakuta ukuta ingali.

Mama Cathy, kwa heshima yote, alishauri wabandike picha ya mtakatifu juu ya kila prizi. Diplôme akataka kujua ni mtakatifu wa volti ngapi. Tulicheka mpaka wapita njia wakaanza kupunguza mwendo, na Kilowatt naye alikuwa ameshatoa vifuniko mfukoni, anavipangusa kwa shati.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mwanamke mwenye tumbo kubwa, kikombe mkononi. Alimwambia Mama Cathy kwamba anaitwa Chilufya, ametoka Sakania, amekuja kwa dada yake kungoja kuzaa pale maternité mpya itakapofunguliwa. Alikuwa amesikia yote.

— Batata, mukwai, akasema kwa adabu ya kwao. Mutoto yangu wa kwanza, balinipasula tumbo. Naomba kuuliza. Muntu mwenye balipasula, anaamukaka ku kitanda mu dakika ngapi?

Diplôme, ambaye ana jibu hata la swali ambalo halijazaliwa, alisogea kumwongezea nafasi benchini. Mimi niliona aibu, nasema wazi, maana nilikuwa nimecheka kuliko wote. Masaa mawili yalikuwa yake Chilufya, na ya wenzake wa vile vitanda, ya kutolewa nje kabla moto haujawafikia.

Kilowatt alirudisha vifuniko mfukoni. Akachukua nyundo na patasi, akaenda bila kumaliza kahawa. Ministre, ambaye hajawahi kuacha kikombe cha mtu kipoe, hakukigusa. Alisimama, akaelekea kwake, akapita tena mbele yetu na ile nusu ndoo, akielekea maternité, tai imelala begani.

Ingénieur alikuta ukuta una matundu manne wazi na Kilowatt mbele yake, anayaonyesha mwenyewe kwa kidole. Alifokewa mpaka kijiweni tukasikia. Jengo la pili akapewa mwingine. Lakini la kwanza alilimaliza, buati mbalimbali, kila moja na mastic yake.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilifika. Asubuhi ile ile Mama Cathy alituambia Chilufya amezaa msichana, wote wazima, wamelala kando ya ule ukuta wa prizi. Ministre alikuja amechelewa, tai imelowa, akauliza kama kuna mtu mwenye sufuria ya ziada ya kukingia paa lake linapovuja.