Daktari Muchiri na Mikono ya Sadiq

Wasikilizaji wapendwa, haya nimeyasikia kwa Mama Mwihaki mwenyewe. Aliniambia Jumatatu hii, tukisugua sufuria za matanga nyumbani kwake mtaa wa West Indies, hapa Eldoret. Mumewe, Daktari Muchiri, tulimzika Jumamosi kule shambani Cheptiret.

Alikuwa daktari wa vitabu, si wa sindano. Alifundisha chuo kikuu huko Chepkoilel. Kazi yake ilikuwa kuchunguza habari. Redio ikisema hivi, gazeti likiandika vile, mtu wa kawaida anajionaje? Anajiona mwananchi mwenye sauti, anayeweza kumuuliza kiongozi maswali? Ama anajiona mgeni kwao? Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya mpaka akafa.

Ilianza dukani kwa Khadija. Muchiri alikuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, ameshaoa. Alikaa hapo na rekoda yake, akisikiliza taarifa pamoja na wateja. Jana yake moto ulikuwa umechoma maduka ya mtaa. Redio ikasema: "Wananchi wameshirikiana kuuzima moto. Wasomali wawili wamejeruhiwa."

Muchiri akafurahi. "Hii ndiyo habari ninayotafuta! Inajenga wananchi!"

Khadija akaacha kupima sukari. "Muchiri, na Sadiq ndugu yangu, mmoja wa hao Wasomali wawili?"

"Pole sana, Mama. Atapona."

"Sijauliza kama atapona. Nauliza, yeye alikuwa anafanya nini hapo? Alikuwa anaota moto?"

Wateja wakacheka. Muchiri hakucheka. Sadiq, mzaliwa wa hapa hapa Eldoret, alikuwa ameungua mikono akitoa magunia ya mahindi ya jirani. Redio ilimtoa kwa wananchi, na msomi wetu akaisifu.

"Na wewe mwenyewe," Khadija akaendelea, "si juzi uliniambia, 'Nikimaliza na wananchi nitakuja kwenu'?"

Baada ya hapo Muchiri akawa anazunguka mtaa ili asipite mbele ya duka lile. Mama Mwihaki akamchoka mumewe. "Baba Shiko, utazunguka mpaka lini? Hata chumvi sasa tunaifuata mbali kama kuni!"

Akarudi. Khadija hakumrahisishia. "Umemaliza na wananchi?"

"Hapana, Mama. Nimekuja kuanza."

"Basi keti."

Tangu hapo, wasikilizaji wapendwa, kosa hilo alilieleza kila mahali. Aliliandika katika utafiti wake. Aliwaambia waandishi wa habari, ukumbi mzima: "Mimi niliisikia habari hiyo, nikaisifu." Wengine waliinamisha vichwa. Wengine walirudi studio wakaendelea kutangaza kama zamani. Lakini aliwaambia wote, isipokuwa Sadiq. Ukumbi aliuweza. Mtu mmoja alimshinda.

"Kila akienda dukani kumsalimia," anasema Mama Mwihaki, "anaangalia ile mikono, anauliza bei ya mchele, anarudi bila mchele."

Hata alipougua alikuwa akisema, "Kesho nitampigia." Kesho hiyo haikufika.

Jumapili Sadiq na Khadija walikuja kutoa pole. Mama Mwihaki hakungoja waketi. "Sadiq, baba Shiko alitaka kukuomba msamaha kwa ile habari ya moto. Aliona aibu. Na mimi naona aibu kwa niaba yake."

Sadiq akasema polepole, "Ile habari hata sikuisikia, Mama. Nilikuwa wodini. Khadija ndiye aliniambia. Nikawa nangoja Daktari aniambie mwenyewe. Aliponyamaza miaka hiyo yote, nilifikiri kwa roho yake bado anaona redio ilisema kweli."

Mama Mwihaki akafunika uso kwa leso.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mama Mwihaki, kwa mtoto wao Shiko na jamaa wote, poleni sana. Mungu awashike mkono. Na sisi tunaosikiliza, leo tukisikia taarifa ikisema "wananchi", tujiulize ni nani ameachwa nje. Na kama kuna mtu unamwonea aibu, usimwache afikirie yake. Mwendee angali hai, na wewe uko hai.

Jumapili hiyo Sadiq hakuondoka. Khadija aliingia jikoni, akapika chai, akawagawia wageni. Mama Mwihaki alikuwa hajafunga jicho tangu siku zile za hospitali. Alasiri, pale pale kwenye kiti, leso ingali usoni, alianza kukoroma. Sadiq akainua mkono kuwanyamazisha watu wa mlangoni. Wakatoka mmoja mmoja. Mama akaendelea kulala.