Risala ya Bendi ya Kutu kwa Mwalimu Mkuu, Kuhusu Koo la Mwimbaji Wetu

Mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu wa chekechea yetu; wazazi mliokuja na pamba masikioni; majirani wa karakana tunamofanyia mazoezi, mliotuvumilia miaka yote:

MAKARIBISHO

Sisi wanabendi wa Kutu tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua muziki wa metali si muziki wako. Ulipofika mlangoni ulimuuliza mpiga besi, "Mwanangu, hicho kitu mmekiwasha au kimeharibika?" Tulikuwa tunapima mitambo tu. Tunashukuru hukugeuza njia.

Risala hii ilipaswa kusomwa na mwimbaji wetu, ambaye wewe unamfahamu kama mwalimu wa darasa lako la wadogo, lakini anatunza sauti. Anayesoma ni mpiga ngoma, ambaye riziki yake ni kuchomelea mageti. Akikwama kwenye neno refu, mumvumilie.

HISTORIA

Tuko wanne: mwimbaji, mchomelea mageti, fundi simu anayepiga gitaa na mwoka mikate anayepiga besi. Urafiki wetu ulianzia kwenye dawati moja la shule ya msingi, tulipoadhibiwa pamoja kwa kuligonga kama ngoma. Baadaye mjomba wake fundi simu alimpa kanda ya metali, tukaisikiliza mpaka ikaanza kukwaruza.

Siku ya kuamua nani aimbe, sisi wavulana watatu tulijaribu kuunguruma, tukatoa sauti za kuku. Akabaki yeye, binti aliyekuwa akiulizwa jina anatazama viatu vyake. Akafungua mdomo, ikatoka sauti ya lori linalopanda mlima na mzigo. Mama yake akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi: "Nani kaingiza mnyama humu ndani?"

Hatukutafuta mwimbaji tena.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, hapa tutakuwa wafupi. Tumepiga kwenye harusi moja, tulikoitwa kwa kuchanganywa na bendi nyingine. Shangazi wa bibi harusi aliamuru jenereta izimwe. Haikuwa jenereta. Tumerekodi albamu moja katika stoo ya unga ya mwoka mikate, kwa sababu magunia humeza mwangwi. Kwenye wimbo wa pili fundi simu anapiga chafya. Tuliurudia mara nyingi, nayo chafya ikarudi, tukaiacha. Na leo, kwa mara ya kwanza, mwenye ukumbi ametuita yeye. Hatukumbembeleza.

CHANGAMOTO

Mwaka jana, kwenye tamasha la uwanjani, sauti ya mwimbaji wetu ilikatika katikati ya wimbo. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Watazamaji wakadhani ni mtindo mpya, wakashangilia. Sisi tuliona macho yake, tukaacha kupiga.

Alipopumzishwa, tulimjaribu mnadi mmoja wa mitumba mwenye mapafu ya kutosha. Kila tulipofika kwenye kiitikio, alijisahau akapaza: "Chagua, chagua, mzigo mpya!" Tukamshukuru kwa muda wake.

Mchomelea mageti akaenda nyumbani kwa mwimbaji, akamkuta sakafuni anakata karatasi za rangi za darasani. Mwimbaji akamnong'oneza, "Nyinyi endeleeni tu."

"Tuendelee na nani? Na yule wa mitumba?"

Akacheka bila sauti. Kisha akalia, nako bila sauti.

Mgeni rasmi, wewe ulimwita ofisini ukamwambia, "Binti yangu, hayo makelele yenu yatakumaliza. Shika moja, uache moja." Ulisema kwa kumpenda. Hata sisi tuliamini kwamba tumemvunja rafiki yetu, na kila mmoja akaanza kukwepa macho ya mwenzake.

Lakini daktari wa koo alimpitishia kamera puani, akamwambia aungurume. Akaunguruma, nesi wa chumba cha pili akaja mbio. Daktari akatazama picha, akatikisa kichwa. "Hii haikuumizi. Umejifunza kuitoa mahali pake. Sasa niite kama unavyomwita mtoto aliye mwisho wa uwanja."

Akaita.

"Hapo," akasema daktari. "Hapo ndipo unapojichana. Kutwa nzima unamwita nani?"

Sisi hatutasema anamwita nani. Ni watoto wazuri, ni wengi, chumba ni kimoja, na mwalimu ni mmoja.

MAOMBI

Kwanza, tunakuomba usikae karibu na spika ya kushoto. Ina kichaa chake.

Pili, tunaomba darasa lile lipate mwalimu msaidizi, hata wa asubuhi tu. Fundi simu atalitengenezea kipaza sauti kidogo cha kuvaa shingoni. Mchomelea mageti amelitazama geti la shule, ameumia moyo, atalishughulikia. Mgeni rasmi, hii si rushwa. Ni ujirani.

Ombi la tatu halimo katika nakala aliyoiona mwimbaji, na ndiyo maana fundi simu amefunga mlango wa nyuma asisikie. Wiki hii alituambia kwamba akilazimika kuacha kimoja, atabaki na watoto. Alisema, "Nyinyi mmeshakua. Wale hata kufunga kamba za viatu hawajui." Hatukubishana. Angesema vinginevyo, tusingemtambua. Lakini hatujaandaa mwimbaji mwingine, wala hatutaandaa. Na yeye anaamini kwamba leo anaaga.

Yuko chumba cha nyuma, anakunywa maji ya uvuguvugu. Jibu lako kuhusu msaidizi, kama ataweza kubaki na vyote viwili, usitupe sisi hapa mbele za watu. Tunakuomba uinuke, upite ule mlango wa nyuma, fundi simu atakufungulia, umwambie mwenyewe kabla hatujawasha mitambo, ili akipanda jukwaani ajue anaimba kwa kuondoka au kwa kurudi.

Sisi tutangoja. Ngoma haitapigwa mpaka utoke.

Mungu akujalie afya, awakuze watoto wako wote, na akupe masikio ya subira kwa saa moja ijayo.

Ni sisi, marafiki zake,
Bendi ya Kutu