Mwenye Ghala

Tangu Kitale, Kiptum alikuwa akimlalamikia mama wa Bumula aliyeketi kando yake kwenye matatu, mtu asiyemjua hata jina. Jumapili pasta alihubiri juu ya yule tajiri mwenye maghala, ambaye Mungu alimwita mpumbavu, na kanisa zima likageuka kumtazama Kiptum, ambaye mahindi yake yangali ghalani na fukusi wameanza kuyatoboa.

"Na Yusufu je? Si pia aliweka nafaka huko Misri? Mbona yeye akaitwa mwenye hekima?"

"Yusufu aliwekea watu, baba."

"Hata mimi nawekea watu, mama. Bibi na watoto."

"Na bibi anasemaje?"

"Ati tuuze. Lakini ghala ni langu, bana."

Mama akacheka taratibu. "Huyo tajiri wa Biblia, mimi hunishangaza. Anaongea na nafsi yake tu, ati ipumzike, ile, inywe. Kwani nyumbani hakukuwa na mtu wa kuuliza?"

Kwa hilo Kiptum alikuwa na jibu zuri sana. Akalieleza kwa mikono yote miwili, macho yake dirishani. Alipogeuka, gari lilikuwa limesimama Bungoma, abiria wote wameshashuka, na dereva anamchungulia kwa kioo, aone anaongea na nani.