Plasta Kinywani mwa Manju

Mbele ya chumba alichopanga daktari wa meno pale Shinyanga, benchi lilijaa watu tangu asubuhi. Limi aliwamiminia kahawa, sikio lake likiwa ndani kwa mumewe. Masele alikuwa manju, kiongozi wa nyimbo za ngoma, hadi mwaka 1935 mpini wa winchi ulipomng'oa meno yote ya juu kwenye machimbo ya Geita. Sasa akiimba, upepo ndio unaotoka. Ngoma za mavuno zilikaribia, na kesho daktari angepanda treni kurudi Tabora kumtengenezea meno ya bandia.

— Mmemwona daktari? aliuliza Sabiti, maarufu kwa jina la Gazeti. Jana alichukua chapa ya kinywa kwa nta, akawa anatucheka. Leo anakoroga plasta, ule unga unaoganda kama saruji, jasho chapachapa!

— Ile nta ilipinda, alisema Pantaleo, waliyemwita Hakimu. Meno ya chapa ile yangedondoka Masele akipandisha sauti tu. Plasta haidanganyi, ila mtu akitikisika inapasuka.

— Kumbe anaogopa ipasuke? aliuliza mwingine.

— Anaogopa isitoke! alidakia Gazeti. Masele abaki ameachama mpaka waitwe wachimbaji wa Nyarugusu na sururu.

— Si hivyo, alisema Hakimu. Plasta ikiganda inatoa joto. Linampanda daktari mkononi mpaka utosini. Ndiyo maana madaktari wa meno wote wana upara.

— Huyu ana nywele.

— Bado kijana.

— Hebu nyamazeni, mnamtia wasiwasi, alisema Limi.

— Anayemtia wasiwasi ni mumeo, mama. Manju anajua kunyamaza?

Limi alijua ni kweli. Mara mbili Masele alikuwa ameguna wimbo, mara mbili plasta ikapasuka.

Daktari akatoka, shati limemganda mgongoni.

— Unga umebaki wa mara moja. Nani hapa anaweza kumtuliza?

Benchi zima likatazama vikombe.

Limi akaweka birika chini, akaingia. Akamkamata mumewe kichwa kama anavyowakamata watoto wakinyweshwa dawa.

— Baba Justa, nimekusikiliza tangu ulipopeleka ng'ombe kwa baba. Leo nisikilize mimi. Tulia.

Masele akatulia tuli. Daktari alipoona hivyo akashusha pumzi, akamtia plasta kinywani. Plasta ikaganda. Ikatoka nzima.

Gazeti alikuwa amechungulia mlangoni.

— Jamani, kinywa cha manju wetu!

— Cha mume wangu, alisema Limi, akimfuta Masele kidevu.