Bakuli la Kisamvu Nililolirudisha

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni tena, maana mwaka jana sikuwa na pumzi ya kumsifu.

Mimi ni kifungua mimba. Baba alitangulia, mama akamfuata, nikaachiwa wadogo wawili, Charo na Dama, katika chumba kimoja kule Mtongwe. Niliacha shule darasa la saba nikaenda kumenya viazi kwenye kibanda cha chipsi karibu na feri.

Mwanzoni nilipika kama mama alivyonifundisha: mchicha, kunde, na mtsunga ule mchungu unaochumwa kando ya mashamba. Siku moja bombani, mama mmoja alichungulia kikapu changu, akapaza sauti: "Leo tena majani? Wewe walea watoto au wafuga mbuzi?" Foleni nzima ikacheka. Ndugu zangu, kicheko kile kiliniingia mifupani! Niliapa wadogo zangu hawatakula majani tena, watu wasije wakawaita mayatima. Kila jioni nikawaletea chipsi zilizobaki kazini. Asubuhi, mkate mweupe na chai ya rangi. Nikajiona nimeweza.

Jirani yetu Mama Riziki, huyu tunayesali naye hapa, akaniletea bakuli la kisamvu cha nazi. Nyote mwajua, kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Hutiwa chochote, hata chumvi. Mimi nililirudisha na kisamvu chake ndani, hakijaguswa. "Sisi hatuna njaa, mama," nikamwambia. Alilipokea kwa mikono miwili. Hadi leo nikiikumbuka mikono ile nainamisha kichwa.

Dama, kitinda mimba wetu wa miaka saba, akaanza kudhoofika. Midomo ilimpauka. Akitoka mlangoni kwenda chooni, alikaa chini katikati ya ua apumzike. Siku moja nilimkuta akibandua udongo wa ukuta na kuula. Nikamchapa! Ee Mungu, nilimchapa mtoto mgonjwa nikidhani ni utundu. Kisha nikafunga siku tatu nikimwomba Bwana ampe nguvu. Siku ya tatu akaanguka njiani akienda shule. Charo alimleta mgongoni, naye analia.

Kwenye zahanati, muuguzi alimfunua jicho. "Mtoto huyu damu yake imepungua sana. Anakula nini?"

"Chipsi, dada. Na mkate. Hatulali njaa."

"Mboga je?"

Nikamwambia niliacha kupika majani.

Akampa dawa ya damu, akasema turudi baada ya wiki mbili, na asipopata nafuu atalazwa aongezewe damu. "Lakini dawa peke yake haitoshi. Mpe mboga za majani, kunde, dagaa, umkamulie na ndimu. Na chai isiandamane na chakula."

Nilirudi nikalia, ndugu zangu. Nilikuwa nikiomba muujiza, kumbe ulikuja mlangoni nikaurudisha kwa mikono yangu mwenyewe!

Nikaenda kwa Mama Riziki, nikapiga magoti. "Shikamoo, mama. Nimekukosea."

"Marahaba. Inuka, mwanangu. Kinu kile pale, nami sitwangi peke yangu."

Tulitwanga majani ya muhogo, tukayachemsha mpaka yakaiva kabisa, ndipo tukatia dagaa na tui zito. Dama alikula vijiko vitatu, akasema, "Chanukia kama cha mama." Nilitoka nje nikalilie huko.

Kupona hakukuja upesi. Wiki mbili zile sikuwa nikilala, nilimsikiliza akipumua. Damu ilipanda kidogo, ikatosha asilazwe. Darasa amerudia. Na nikiinua mkono ghafla, hata kama nafikia mwiko, Dama bado hujikunja. Hilo nalibeba, na Bwana analijua.

Lakini yu hai! Namshukuru Mungu aliyenitoa katika kiburi nilichokiita mapenzi. Nawe uliyekaa hapa, unayejificha usionekane mhitaji, mwamini Yesu, ukafungue mlango. Usione haya ya chakula cha mama yako.

Asubuhi ya leo nilipika mtsunga kwa nazi, nikajaza bakuli la Mama Riziki. Dama alilishika kwa mikono miwili. Nilisimama mlangoni nikimtazama akivuka ua. Ndugu zangu, alifika ng'ambo bila kukaa chini.